Ile kafyu ya Amu ilikuwa nini kisheria?

Wiki ilopita barazani kulizuka ubishi ambao mpaka saa hii haujanitoka kichwani. Binti ya jirani yetu anasomea sheria Mombasa, alikuwa amekuja nyumbani likizo, akatueleza kwamba ule Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu, ambao Kenya imo ndani yake, hauna kifungu hata kimoja kinachoruhusu serikali kusimamisha haki za watu wakati wa hatari. Si vita, si ugaidi, si maradhi, hakuna. Ami yangu ambaye ni mvuvi tangu hajaota ndevu akaweka kikombe cha kahawa chini akamuuliza, "Mwanangu, basi ile kafyu ya 2014, ya kutotoka usiku, ilikuwa ni nini?"

Binti akacheka kidogo, akanyamaza, akasema "Ami, hilo ni swali la mtihani."

Na ni la mtihani kweli. Manake binti hakusema uongo na ami naye hakusema uongo. Karatasi yasema haki hazisimamishwi, na sisi hapa Amu, yaani mji wa Lamu, tumefungiwa ndani toka magharibi mpaka asubuhi miezi kwa miezi, kwa hivyo katikati hapo kuna kitu kimepita na hakina jina, na mimi nadhani hicho ndicho cha kuzungumza, kuliko zile hadithi za nani mzalendo na nani anawatetea magaidi ambazo huwa zinatuharibia kila mazungumzo kuhusu Lamu.

Kwanza tuelewane maneno. Kuwekea haki mpaka ni kitu kimoja na kuisimamisha ni kitu chengine. Mpaka upo kila siku, uhuru wako wa kusema haukupi ruhusa ya kumtukania mtu mamake hadharani, sawa. Kusimamisha ni pale serikali inaposema wazi wazi: kwa muda huu, kwa sababu hii, sharti fulani la mkataba halinishiki. Wanasheria wanaiita dirogesheni, mimi ntasema kusimamisha tu. Wazungu wa Ulaya wameiweka kwenye kifungu cha 15 cha mkataba wao, kwamba kukiwa na vita au hatari inayotishia uhai wa taifa nchi inaweza kujitoa kwenye baadhi ya masharti, lakini lazima iwe ni kwa kiasi kinachohitajika tu, lazima imjulishe katibu mkuu wa Baraza la Ulaya imefanya nini na kwa nini, na kuna vitu haigusi kabisa, mfano mateso na utumwa. Nchi za bara la Amerika nao wanacho, kifungu cha 27, na orodha yao ya visivyoguswa ni ndefu zaidi, tena mahakama yao ikasema mwaka 1987 kwamba hata ule mlango wa kwenda kortini kuuliza "kwa nini mmemfunga mtu wangu" haufungwi hata nchi ikiwaka moto. Na ule mkataba wa kimataifa wa haki za kiraia na kisiasa, ambao Kenya imeingia tangu 1972, unacho pia, kifungu cha 4.

Sasa njoo Afrika. Mkataba wetu ulipitishwa Nairobi, naam Nairobi hii yetu, mwaka 1981, ukaanza kazi 1986, Kenya ikauridhia 1992. Uusome mwanzo mpaka mwisho hutakuta kifungu cha kusimamisha. Kimya. Na hicho kimya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu ilikipa maana mwaka 1995 kwenye kesi ya Chad. Kule kulikuwa na vita vya wenyewe kwa wenyewe, watu wameuawa, wameteswa, wamepotea, serikali ikajitetea kwamba hali ilikuwa ya vita na si yote yalofanywa na watu wake. Tume ikasema mkataba huu, tofauti na mingine, hauruhusu nchi kusimamisha majukumu yake wakati wa dharura, hata vita vya ndani si kisingizio. Ikayarudia hayo kwenye kesi nyengine, za Nigeria, Sudan, Eritrea.

Ukiskia hivyo unafurahi. Mimi nilifurahi. Nikasema angalau kuna jambo moja tumewashinda.

Na sababu ya kufurahi kwa mtu wa Amu iko hapo mbele ya macho, huna haja ya kwenda Ulaya. Simama pale gatini uangalie ng'ambo, ile Manda. Leo wageni wanashuka kiwanja cha ndege, wanapanda boti, wanakuja kupigwa picha na punda. Lakini wakati wa emajensi, yaani hali ya hatari, ile ya Mau Mau iliyotangazwa Oktoba 1952 na kuondolewa 1960, Manda na Takwa zilikuwa ni kambi za kizuizini. Watu waliletwa kutoka bara kuja kuwekwa kisiwa kisichokuwa na maji matamu ya maana, bila kesi. Mmoja wao ni Achieng Oneko. Yeye alishtakiwa Kapenguria pamoja na Kenyatta, akahukumiwa, akakata rufaa, na rufaa ikamwachilia. Korti imesema huyu hana hatia, serikali ikamshika tena ikamleta Manda. Mahakama imesema nenda nyumbani, na nyumbani penyewe ikawa ni kisiwani kwetu.

Hapa ndo pana kitu ambacho wengi hatukijui, mimi mwenyewe nilijua nishakuwa mtu mzima. Uingereza wakati huo ilikuwa ishatia saini ule mkataba wa Ulaya, na mwaka 1953 ikaunyoosha mpaka makoloni, Kenya ikiwemo. Yaani kikaratasi, yule mtu aliyelala Takwa alikuwa na haki za mkataba wa Ulaya. Halafu mwaka 1954 London ikapeleka barua kule Strasbourg, yalipo makao ya Baraza la Ulaya, kwamba Kenya ina hali ya hatari kwa hivyo baadhi ya haki zimesimamishwa. Barua imefika, imepokelewa, kila kitu kimekwenda kwa utaratibu. Na wale waliokuwa Manda hawakuweza kwenda kulalamika kokote, manake Uingereza haikukubali mtu binafsi aishtaki huko mpaka 1966. Nchi kwa nchi ndo zingeweza, ndiyo maana Ugiriki iliishtaki Uingereza kuhusu Cyprus mwaka 1956, lakini nani angeishtaki kwa ajili ya Manda?

Mkataba ule ule ulisema mateso hayasimamishwi hata iweje. Mwezi wa Machi 1959 kule Hola, unapita kando yake ukitoka Garissa kuja Garsen, watu 11 waliokuwa kizuizini walipigwa mpaka wakafa. Orodha ya visivyoguswa ilikuwepo, imeandikwa vizuri. Serikali ya Uingereza ilikuja kulipa fidia kwa wazee elfu tano na zaidi mwaka 2013, miaka zaidi ya 50 baadaye, na wengi wa wenzao washazikwa.

Kwa hivyo mtu akiniambia Afrika ilikosea kutoweka kifungu cha kusimamisha, namuonyesha Manda. Waafrika waliokaa kuandika mkataba ule walikuwa wametoka kwenye emajensi za wakoloni na wengine walikuwa wanaishi ndani ya emajensi za marais wao wenyewe. Ukimpa mtawala kifungu kinachosema "ukiona hatari simamisha", ataiona hatari kila asubuhi anapoamka. Na si Afrika peke yake. Ufaransa ilitangaza hali ya hatari Novemba 2015 baada ya mashambulizi ya Paris, ikaongezwa na kuongezwa mpaka Novemba 2017, na ilipokwisha sehemu ya zile nguvu za dharura zikatiwa kwenye sheria ya kawaida. Uturuki baada ya jaribio la mapinduzi Julai 2016 ilikaa miaka miwili ndani ya hali ya hatari, wafanyakazi wa serikali zaidi ya laki moja wakafutwa kwa amri za dharura. Zote mbili zilipeleka barua Strasbourg.

Sasa upande wa pili, na hapa nitakaa kidogo manake ndipo swali la ami lilipo.

Chukua ile ile Uturuki lakini ya miaka ya tisini. Kulikuwa na vita na Wakurdi kusini mashariki, serikali ikapeleka taarifa ya kusimamisha haki ya mtu kufikishwa mbele ya hakimu haraka. Bwana mmoja, Aksoy, akashikwa akakaa siku 14 bila kumuona hakimu. Kesi ikafika mahakama ya Ulaya, 1996 ikaamuliwa. Mahakama haikubisha kwamba hatari ipo, ilikubali ipo. Ikauliza tu: je, hiyo hatari inahitaji siku 14? Ikasema hapana, ni nyingi mno. Au chukua Uingereza baada ya 2001, walisimamisha haki ili waweze kuwafunga wageni wanaoshukiwa ugaidi bila kesi na bila mwisho, wakawaweka gereza la Belmarsh. Desemba 2004 majaji wa juu wa Uingereza wenyewe wakauliza, kama ugaidi ni hatari na mashuku wengine ni raia wa hapa, mbona mnafunga wageni tu? Ile taarifa ya kusimamisha ikafutwa.

Muone kilichotokea. Mahakama ilikuwa na kitu cha kushika. Serikali imesema kwa kalamu yake, nimesimamisha haki hii, kwa sababu hii, basi hakimu anaweka ile sababu mezani na kupima kama inatosha. Ni kama risiti. Risiti haikuzuii kuibiwa dukani, lakini bila risiti utarudi na nini?

Sasa Lamu. Usiku wa tarehe 15 Juni 2014 Mpeketoni, mji wa bara ya Lamu, ilishambuliwa, watu wanaangalia kombe la dunia, na usiku wa pili vijiji vya jirani, watu zaidi ya 60 wakafa. Mwezi wa Julai kafyu ikatangazwa, magharibi mpaka asubuhi, ilikuwa ni kumi la mwisho la Ramadhani, watu wanataka taraweh wanataka kukesha, milango imefungwa. Ikaongezwa, ikaongezwa tena, mpaka mwisho wa mwaka. Septemba 2015 ikaanzishwa operesheni ya msitu wa Boni, ikasemwa ni ya siku 90. Siku 90! Ikabadilishwa jina ikaendelea miaka. Julai 2017 watu wakachinjwa Jima na Poromoko, kafyu ya miezi mitatu Lamu, Garissa na Tana River. Januari 2022 watu wakauawa Widho, kafyu tena siku 30 kwenye sehemu za bara ya Lamu. Na kabla ya hayo yote, baada ya ule utekaji wa wageni wa 2011 Kiwayu na Manda, kuvua usiku kulikuwa kushapigwa marufuku.

Haki ngapi zimeguswa hapo? Ya kutembea, ya kufanya kazi, ya kukusanyika, ya kuabudu pamoja. Nani alisema zimesimamishwa? Hakuna. Hakuna hata moja kati ya kafyu hizo iliyotangazwa kama hali ya hatari kwa kifungu cha 58 cha katiba yetu. Zimetoka kwenye sheria ya utulivu wa umma, sura ya 56, sheria ya tangu enzi za mkoloni, kifungu cha 8, ambapo leo waziri kwa ushauri wa mkuu wa polisi anatoa amri na basi imetoka.

Jibu la ami ndilo hilo. Ilikuwa si kusimamisha, ilikuwa ni mpaka. Kisheria ilikuwa ni ndugu yake na ile ya kutotukana watu hadharani. Mpaka tu, mkubwa mkubwa.

Na mkataba wa Afrika, pamoja na kimya chake kizuri, umeacha uchochoro huo wazi. Ukisoma vifungu vyake utakuta kila mahali "kwa mujibu wa sheria", "madhali anafuata sheria". Kifungu cha 12 chasema una haki ya kwenda utakako ndani ya nchi madhali wafuata sheria. Sasa kama sheria yenyewe ndiyo inayosema usitoke, umebaki na nini? Wakosoaji wa mkataba wamelia na hili miaka mingi, kwamba serikali ya Afrika haihitaji kifungu cha kusimamisha wakati kila kifungu kina komeo lake mlangoni. Mlango mkubwa umefungwa kwa kufuli, dirisha liko wazi.

Tume imejaribu kuliziba hilo dirisha, tusiwanyime haki yao. Mwaka 1998 kwenye kesi ya Nigeria walisema sheria ya nchi haiwezi kuufuta mkataba, sababu halali za kuwekea haki mpaka ni zile za kifungu cha 27, haki za wenzako, usalama wa pamoja, maadili na maslahi ya wote, na mpaka lazima ulingane na faida inayotafutwa, na usije ukaila haki yenyewe ikabaki jina. Hiyo ya mwisho naipenda. Kwa sababu uichukue umuwekee mvuvi wa Amu. Mvuvi hafanyi kazi saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na moja kama karani. Anafuata maji. Bamvua, yale maji makubwa, likiwa usiku atoka usiku, na kuna samaki hawaonekani ila usiku, na maji hayasomi gazeti la serikali. Ukimfungia usiku wote hujamwekea mpaka, umemwambia abaki na haki ya kufanya kazi na kazi asiifanye. Kwa kipimo cha Tume yenyewe naona ile kafyu, kwa wavuvi, ilikuwa imeshavuka, si siku ya kwanza pengine, lakini mwezi wa nne, wa tano, wakati hakuna anayeeleza tena kwa nini, hapo ilishavuka.

Kufika mbele ya hao wapimaji sasa. Mahakama ya Afrika iko Arusha, Kenya imeridhia kuundwa kwake lakini haijatoa lile tamko la kumruhusu raia kwenda moja kwa moja. Ogiek, wale wenyeji wa msitu wa Mau, walishinda pale 2017 kwa sababu Tume ndiyo iliyowapelekea kesi. Na serikali ilijitetea na uhifadhi wa msitu wa Mau, mahakama ikaipima hiyo sababu ikaona haitoshi, kwa hivyo kupima kunawezekana. Lakini kutoka Matondoni mpaka Arusha ni mbali, na simaanishi nauli.

Lazima niseme pia nilivyojibiwa na rafiki yangu wa Mpeketoni nilipomueleza haya kwa simu, manake nisipoyasema ntakuwa nimechagua ninachotaka. Yeye ule usiku wa 2014 alilala shambani chini ya mkorosho na watoto. Akaniambia, "Ndugu yangu, nyinyi kisiwani mwapigania kuvua, sisi tulikuwa twapigania kuamka." Akasema alipoona askari barabarani na barabara tupu, ndo mara ya kwanza alilala ndani. Haki ya kuishi nayo iko kwenye mkataba, kifungu cha 4, na serikali isiyomlinda mtu na muuaji nayo imevunja mkataba, hili si porojo. Nikamuuliza, lakini Jima na Poromoko si zilitokea 2017 wakati operesheni ya Boni iko kazini mwaka wa pili? Akasema ndiyo, na bila hiyo operesheni zingekuwa ngapi? Sina jibu la hilo. Yeye naye hana. Ndo maana nataka mtu alazimishwe kukaa mbele ya watu na kulijibu, kila baada ya muda, kwa ushahidi.

Na hapo ndipo nnaporudi kwenye kifungu cha 58 cha katiba ya 2010. Wengi wanakiogopa kwa sababu kina neno hali ya hatari. Kisome. Tangazo ni siku 14 tu. Kuongeza lazima bunge, na si zaidi ya miezi miwili kwa mara moja. Mara ya kwanza thuluthi mbili ya wabunge wote, mara zinazofuata robo tatu. Mahakama ya Juu inaweza kuulizwa kama tangazo lenyewe ni halali. Na sheria inayotungwa chini yake lazima iendane na majukumu ya Kenya ya kimataifa. Sasa linganisha na amri ya waziri. Ungekuwa wewe ndo serikali ungechagua ipi? Robo tatu ya wabunge kila miezi miwili kwa ajili ya kafyu ya Lamu, nani ana hamu hiyo. Ule mlango wa katiba ni mgumu makusudi, na kwa sababu ni mgumu haupitwi, watu wanapita dirishani.

Hapa binti alinipinga, na alinipinga vizuri. Akasema, "Kaka, ukiomba waite jina lake, wakiliita je?" Alimaanisha kwamba hali ya hatari rasmi inafungua nguvu ambazo amri ya kafyu haina, kisha jina lenyewe linauma, wageni wataambiwa na serikali zao wasije, hoteli za Shela zitafunga, bandari mpya itakosa meli, na mtu wa Lamu ndiye atakayelala njaa. Bora kafyu ndogo isiyo na jina kuliko hali ya hatari yenye jina kubwa. Halafu akaongeza la kisheria: ule mkataba wa kimataifa unaoruhusu kusimamisha unasema hatua zisipingane na majukumu mengine ya nchi. Kenya imo kwenye mikataba yote miwili, na wa Afrika hauruhusu. Kwa hivyo, asema yeye, mkali zaidi ndo ushike, na katiba yetu kifungu cha 2 yasema mikataba iliyoridhiwa ni sehemu ya sheria ya Kenya. Mtu akisimama kortini Mombasa aseme kifungu cha 58 chenyewe kimefungwa kamba na mkataba wa Afrika, hakimu atamjibu nini? Sijaona bado kesi iliyolijibu hilo sawasawa na ningependa kuiona.

Mimi bado nipo kwenye risiti. Sitaki Afrika iongeze kifungu cha kusimamisha, Manda imenitosha. Lakini sitaki pia tujidanganye kwamba kwa kuwa hakipo basi haki zetu hazikusimama. Zilisimama, tena bila tarehe ya mwisho, na kimya cha mkataba kiliwasaidia wao vile vile kilivyotusaidia sisi. Kinachotakiwa ni yale masharti ya risiti yawekwe kwenye hiyo mipaka midogo: kila amri ya kafyu iwe na sababu yake ndani, iende bungeni ikizidi wiki mbili, na anayeiongeza aeleze ile ya kwanza ilifanya nini. Korti zetu zinaweza kulisukuma hilo. Ile kafyu ya 2014 MUHURI, shirika la haki za binadamu la Mombasa, waliipeleka mahakama kuu huko huko, kwa hivyo hata hiyo amri ya kafyu si kwamba haiguswi. Na wakati wa korona Aprili 2020 mahakama kuu ilisema kafyu ni halali lakini nguvu waliyotumia polisi kwa watu ni kinyume cha katiba, yaani iligawa, hiki sawa hiki hapana. Ilifanya hivyo ndani ya wiki tatu. Sisi huku tungependa wiki tatu hizo.

Nilisahau kusema, kuna sehemu ya kifungu cha 58 ambayo binti alimsomea ami kutoka kwenye simu na ndiyo iliyomfanya mzee akae wima. Ile ya mwisho, inayosema tangazo la hali ya hatari au sheria yoyote inayotokana nalo haiwezi kuikinga serikali wala mtu yeyote na kitendo chochote kilicho kinyume cha sheria. Haikuandikwa bure hiyo. Mwaka 1970 bunge lilipitisha sheria ya kukinga, kwamba yaliyofanywa na maafisa wakati wa vita vya shifta, vya wale waliotaka kaskazini mashariki ijitenge na Kenya, kuanzia mwisho wa 1963 mpaka 1967, yasiulizwe. Na sehemu zilizotajwa humo ni mkoa wa kaskazini mashariki, Isiolo, Marsabit, Tana River, na Lamu. Watu wakidhani shifta ni mambo ya Garissa huwa nawakumbusha hilo, Lamu imo kwa jina.

Ami babake alikuwa na nyumba na minazi bara, upande wa Kiunga. Wakati wa shifta Wabajuni wa bara walikimbilia visiwani, naye akaja na mashua na watoto na mbuzi wawili, na hakurudi. Hakuna karatasi yoyote. Hakuna aliyemwandikia kwamba haki yake ya kukaa kwake imesimamishwa toka lini mpaka lini.

Ami akamuuliza binti, "Na hizi zetu za 2014, zikija kuulizwa, watataka nini?"

"Watataka tarehe, ami. Siku gani hukutoka, ulikosa nini."

Tarehe ami hana. Lakini akaanza kuhesabu kwa vidole, na yule binti akafungua simu akawa anaandika: bamvua mbili za mfungo mosi, zote. Mfungo pili bamvua moja, ile nyengine mashua ilikuwa juu inatiwa kalafati. Mfungo tatu zote.